Siku ya kufua safarini mwilini ubaki na nini? Lamu hadi Matema, wiki sita, mkoba mmoja

Mpanga_Mkoba

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa watu wanaolijua jambo hili vizuri.

Safari ni ya wiki sita, mwanzo wa mwezi wa 6 hadi katikati ya mwezi wa 7. Tunaanzia Lamu, tunashuka Mombasa, tunavuka mpaka Horohoro kwenda Tanga na Pangani, kisha Unguja, Dar, treni ya TAZARA hadi Mbeya, halafu Tukuyu na kumalizia Matema kwenye Ziwa Nyasa. Tuko wawili, mke na mume, kila mmoja na mkoba wa lita 35. Mke ana suruali moja, sketi ndefu moja na blauzi tatu. Mume ana suruali mbili, shati mbili na fulana mbili. Nguo za ndani ni tano tano, na sweta moja kila mtu.

Tatizo ni siku ya kufua. Tukiloweka nguo zote kwa pamoja hakuna kinachobaki cha kuvaa, na gesti nyingi bomba liko uani ambako wapangaji wengine wanapita. Tukifua nusu nusu, tunafua kila siku ya pili na siku zinakwisha.

Je, tubebe vazi la kufulia tu? Liwe la namna gani? Na Mbeya kwenye baridi ile mtu atakaaje na vazi jepesi wakati nguo zake ziko kwenye kamba?

---

BintiPangani

Karibu ndugu. Kwa mkeo jibu ni doti moja ya kanga, yaani pande zote mbili, usiigawe. Upande mmoja una upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 1.1 hivi, na pande mbili kwa pamoja hazifiki nusu kilo. Mbali na kufulia, ni shuka la gesti ambayo shuka zake huziamini, ni pazia, ni taulo, ni mtandio wa kuingilia mtaani Lamu na Mji Mkongwe. Kwa hiyo si vazi la ziada.

Lakini kanga ya kufulia ina masharti yake.

Isiwe mpya. Kanga mpya ina dondo la kiwandani: inateleza, fundo halishiki, na hainyonyi maji. Isitoshe inatoa rangi. Mtu anayefua mapajani kwake hulowa, na kanga nyekundu au nyeusi ambayo haijafuliwa itahamia kwenye blauzi nyeupe anayoisugua. Ifueni nyumbani mara tatu peke yake kwa maji baridi, mpaka maji ya kusuuza yatoke meupe. Ile habari ya kuloweka kwenye chumvi ili rangi ishike haisaidii kanga iliyokwisha kuchapwa. Chumvi ina kazi wakati wa kutia rangi, baada ya hapo rangi iliyozidi inabidi itoke tu.

Isiwe na mji mweupe, yaani ile sehemu ya katikati ndani ya pindo. Kanga yenye mji mweupe ikilowa inashika mwili na kuonyesha kila kitu. Chagua yenye maua yaliyosongamana, rangi ya kati, iliyopauka kidogo. Ya kati kwa sababu ya jiki: tone moja kwenye kitambaa cheusi linaacha doa la rangi ya kutu ndani ya dakika, wala halitoki tena. Na someni jina la kanga kabla ya kununua. Uani kwa watu kanga inasomwa, na mgeni akiingia na jina la mafumbo ya ugomvi, mwenye nyumba anaweza kudhani kaambiwa yeye. Chukueni ya dua au ya shukrani.

Kufunga. Wengi hufunga chini ya makwapa na kuchomeka ncha. Hiyo ni ya kutokea bafuni, si ya kazi. Ukiinua mikono kuanika, kifua kinabadilika umbo na kile kichomeko kinaachia. Ya kufulia inafungwa shingoni:

1. Kanga ipite mgongoni, ukingo mrefu ukiwa juu, chini ya makwapa yote mawili.
2. Ncha mbili za juu zije mbele zikiwa sawa kwa urefu.
3. Zipishane kifuani, ya kulia iende bega la kushoto na ya kushoto iende bega la kulia.
4. Zisokote kidogo, kisha funga fundo mara mbili nyuma ya shingo.

Upande wa pili wa kanga ukunjwe kwa urefu mpaka ubaki upana wa kiganja, uzungushwe kiunoni na kukazwa. Hicho ndicho kibwebwe, na ndiyo kazi yake ya asili: kinashika ile ya kwanza isipepee na Kusi, upepo wa msimu huu, na kinachukua maji ya mapajani badala ya tumbo lako kulowa. Kikilowa sana unakifungua na kukamua, vazi lenyewe linabaki kavu.

Ndani yake avae taiti fupi ya rangi ya giza na sidiria ambayo haifuliwi siku hiyo. Mtu mwenye mwili mkubwa, mita 1.5 haimzunguki vizuri, na akichutama panafunguka pembeni. Huyo taiti yake ifike magotini.

Sasa jambo ambalo naona swali lako limelipita. Anachovaa mtu akifua kinategemea anafua nini kwanza. Kitu cha kwanza kuingia kwenye beseni kiwe ndicho atakachokivaa baada ya kanga: blauzi nyepesi na nguo moja ya ndani. Ukianza saa 1 asubuhi, kwenye jua la pwani na upepo wa mwezi wa 6, blauzi nyembamba ya pamba iko tayari saa 4. Hapo anavaa blauzi, upande mmoja wa kanga unageuka sketi, na ule mwingine unafuliwa mwisho kwa mapovu yaliyobaki. Watu wanaoanza na suruali kwa kuwa ndiyo chafu zaidi ndio wanaokaa na kanga mpaka magharibi.

---

Kikoi_na_Shati

Dada BintiPangani amemaliza ya wanawake, mimi nichukue ya bwana.

Mwanamume abebe kikoi kimoja na bukta moja ya nailoni. Bukta ni ya lazima. Kikoi bila bukta ni cha kulalia, si cha kuchutama mbele ya beseni. Bukta ya nailoni ukiifua usiku na kuikung'uta inakauka kabla ya asubuhi, ya pamba haikauki.

Kufunga kikoi cha kazi: simama miguu ikiwa imeachana kiasi cha hatua ndogo. Ukifunga miguu ikiwa pamoja hutaweza kupanda ngazi wala kuchutama. Kipite nyuma, vuta ncha zote mbele, upande wa kulia uje kwanza juu ya nyonga ya kushoto, wa kushoto uufunike. Kaza, kisha kunja ukingo wa juu kwenda chini mara tatu au nne. Ile mikunjo ndiyo inayoshika. Fundo la mbele linafunguka ukiinama. Ukishaketi kwenye kigoda, chukua pindo la chini la mbele, lipitishe katikati ya miguu na ulichomeke nyuma kiunoni. Yaani piga ubinda, kama wavuvi wanavyofanya wakisukuma ngalawa. Magoti yako huru na nguo haichoti maji ya sakafuni.

Kama hajawahi kuvaa kikoi, atafute msuli, lile shuka la kiume la kiunoni, ulioshonwa duara. Hauna mahali pa kufunguka.

Ubaya wa kikoi ni unene. Kimefumwa kizito kuliko kanga, kikilowa kinachukua nusu siku kukauka hata juani. Kwa hiyo si kitu cha kulowesha ovyo. Na kile cheupe chenye mistari pembeni kikilowa kinaonyesha bukta yote. Rangi ya bluu ya kuiva au kahawia ni salama zaidi.

Juu avae fulana. Najua ni uani na ni joto, lakini Lamu na Mji Mkongwe kifua wazi mbele ya wanawake wa nyumba hakifai, hata kama wenyeji watanyamaza. Na kwenye paa la nyumba ni vilevile. Mapaa yale yanatazamana, unayeanika nguo juu unaonekana na nyumba nne au tano.

Miguuni ndala za mpira zenye mistari chini. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikichanganyika na povu inateleza kuliko tope. Ndala zilizokwisha soli ndizo zinazovunja watu viuno.

---

Mpanga_Mkoba

Ahsanteni sana. Maswali mawili ya nyongeza. Mke hajazoea kabisa kanga ya shingoni, anasema fundo linamuumiza akiinama muda mrefu. Anauliza kama dera halitoshi. La pili, sabuni na maji: tukadirie kiasi gani kwa watu wawili?

---

FundiCherehani_Tanga

Dera linatosha, ila angalia kitambaa kabla ya mshono. Madera mengi ya madukani ni ya rayoni, ile laini inayoning'inia vizuri na kupoza mwili. Rayoni ikilowa inakuwa dhaifu, nyuzi zake hupoteza nguvu nyingi. Ukilikamua kwa kusokota linachanika begani au linapanuka shingo, na baada ya kufuliwa mara chache linarudi juu kwa vidole viwili au vitatu. Tena ni pana mno: mikono yake inaingia kwenye beseni kabla ya mikono yako. Ukitaka dera la kufulia, liwe la pamba, mikono ikatwe iishie kwenye kiwiko, na urefu uishie kwenye kifundo cha mguu. Likigusa sakafu linafyonza maji toka chini mpaka magotini.

Lakini kwa safari ya mkoba mmoja bado ningebaki na kanga, na kuitengeneza. Kazi yenyewe ni ya nusu saa kwa fundi yeyote:

Kunga pindo zote mbili fupi, kwa kuwa kanga huuzwa hazijakungwa na zikisuguliwa zinafumuka. Kisha shona utepe wa pamba wenye upana wa sentimita 2 kwenye kila ncha ya juu, kila utepe sentimita 45. Sasa kinachozunguka shingoni ni utepe bapa, si donge la kanga, kwa hiyo haumi. Fundo lisogezwe pembeni, juu ya bega, lisikae kwenye mfupa wa shingo. Ongeza utepe mwingine mfupi ndani, sentimita 25 kutoka ukingo wa upande mmoja, na mwenzake kwenye ukingo wa upande wa pili, usawa wa kiuno. Hizo mbili zikifungwa, pembeni hapafunguki hata akichutama. Ukiitandika kama shuka, tepe hazionekani wala hazisumbui.

Usitie vifungo wala zipu. Vifungo vinavunjika kwenye kukamua, na kanga yenye zipu si shuka tena.

Kitenge sikishauri kwa kazi hii. Ni kizito, kinashika maji, na kikikauka na chumvi ya maji ya pwani kinakuwa kama ubao.

Kuhusu sabuni: ndoo ya lita 10, vijiko viwili vya mezani vya sabuni ya unga. Zaidi ya hapo hufui zaidi, unajiongezea kusuuza tu. Watu wawili, nguo za siku nne, panga lita 60: ndoo moja ya lita 20 ya kufulia, mbili za kusuuza. Kola na makwapa yasugueni kwa kipande cha sabuni ya mche kabla ya kuloweka. Kuloweka nusu saa kunatosha. Nguo zikilala ndani ya maji usiku kucha kwenye joto la pwani zinaamka na harufu, na rangi zinaingiliana.

Maji ya kisima ya visiwani na maeneo ya karibu na bahari mengi yana chumvi. Sabuni ya kipande haitoi povu, inaganda kwenye nguo kama utando mweupe. Hapo tumieni ya unga, na suuzo la mwisho liwe la maji matamu hata kama ni lita tano za kununua. Si anasa. Chumvi ikibaki kwenye nguo inavuta unyevu wa hewa, na nguo iliyokuwa kavu saa 9 alasiri inakuwa na unyevunyevu tena usiku bila kunyeshewa.

Jiki isiguse taiti, sidiria, wala mpira wa kiuno wa bukta. Inakula mpira. Na kamwe msiichanganye na siki wala dawa ya kusafishia choo, inatoa hewa ya sumu, na bafu za gesti ni ndogo.

---

Nyanda_za_Juu

Watu wa pwani wamesema vizuri, lakini mpango wao ukipanda nao Mbeya utaugua.

Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi. Mwezi wa 6 na wa 7 ndio wa baridi kali, usiku na alfajiri inashuka chini ya nyuzi 10. Hapo hamfui vyote kwa siku moja. Fueni nusu ya juu leo, nusu ya chini kesho. Anayefua avae suruali yake ya kawaida iliyokunjwa mpaka chini ya goti, fulana, na sweta ambayo mikono yake imevutwa juu ya viwiko. Kanga au kikoi kifungwe juu ya suruali kama aproni, kikunjwe mara mbili ili maji yasipenye. Kitu kinachomtesa mtu kule ni tumbo na mapaja yaliyolowa wakati upepo unapita, kuliko hata mikono ndani ya maji. Sweta halifuliwi Mbeya. Fueni Dar kabla ya kupanda treni, mkae nalo safi mpaka Matema.

Msianze saa 1 asubuhi. Umande bado upo na maji ya bomba yanauma mifupa. Anzeni saa 3, jua likishapanda. Hewa ya kule wakati huo wa mwaka ni kavu na jua ni kali, kwa hiyo nguo nyepesi zinakauka upesi kuliko unavyodhani. Lakini saa 11 jioni kila kitu kiwe kimeanuliwa, la sivyo umande unazirudisha mwanzo. Kilichobaki na unyevu kwenye mshono kiingie ndani, kitandazwe juu ya kiti, kisilale kwenye kamba.

Tukuyu msifue kabisa, isipokuwa nguo za ndani. Ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania, na hata kiangazi hiki cha wengine wao wana ukungu na manyunyu. Suruali iliyofuliwa Tukuyu mnaweza kuibeba mbichi mpaka Kyela. Fueni Mbeya siku moja kabla ya kuondoka, kisha subirini Matema. Kule ziwani ni chini ya mita 500, joto limerudi, na ule mpango wa kanga wa BintiPangani unafanya kazi tena kama ulivyo.

Ila Matema kuna jambo moja zito. Msifulie mkiwa mmesimama ndani ya ziwa, hata mkiona wenyeji wanafanya hivyo. Ziwa Nyasa lina kichocho. Vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa kwenye maji ya kina kifupi, hasa penye majani na maji yaliyotulia, na vinapenya ngozi ya mguu bila kidonda. Kanga iliyolowa haizuii kitu. Tumieni maji ya bomba. Kama hakuna budi kutumia maji ya ziwa, yachotwe na kukaa kwenye ndoo siku mbili kamili kabla ya kuyagusa, au yachemshwe.

Na kwenye treni: msifue. Dar hadi Mbeya ni kama kilomita 850, mtalala humo usiku mmoja walau, na kuchelewa ni jambo la kawaida. Maji ya behewa ni ya kunawa. Vyumba vya kulala vinatenganisha wanawake na wanaume isipokuwa mkilipia chumba kizima: vitanda vinne daraja la kwanza, sita la pili. Mkitenganishwa, kila mtu awe na nguo zake na kanga au kikoi chake kwenye mkoba wake mwenyewe. Ndicho cha kubadilishia nguo na cha kujifunika usiku mkipanda kuelekea Makambako, ambako baridi inaingia kupitia madirisha. Ulizeni kituoni mapema kama treni ya abiria inaondoka wiki hiyo.

---

AfyaMtaa

Nyongeza ya muhimu kuhusu kuanika, kwa sababu inahusu hasa nguo mnayovaa mara tu ikitoka kwenye kamba.

Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, na zaidi zilizotandazwa kwenye nyasi au udongo. Jina lake la kitaalamu ni *Cordylobia anthropophaga*. Mayai yanaanguliwa ndani ya siku chache, na lava anapoguswa na joto la mwili anapenya ngozi. Kinatokea kitu kama jipu chenye tundu katikati, mara nyingi kiunoni, mgongoni na penye mpira wa nguo ya ndani. Kinga ni pasi ya moto pande zote mbili, ukisisitiza kwenye mishono na kwenye mpira. Hakuna pasi? Anikeni juani kabisa, juu ya kamba, au ndani ya chumba chenye wavu madirishani.

Hapa ndipo desturi nzuri inapoleta shida. Nguo za ndani huanikwa zikiwa zimefunikwa kanga, na hilo ni la heshima. Lakini kanga mbichi iliyolala juu yake inafanya kivuli chenye unyevu, mahali hasa anapopapenda huyo inzi. Fanyeni hivi: kamba mbili, ya mbele ianikwe kanga, ya nyuma yake umbali wa mkono mmoja zianikwe nguo za ndani, upande wa jua. Mpita njia anaona kanga, jua linaona nguo.

---

Kikoi_na_Shati

Kamba msitegemee za gesti. Mita 5 za kamba ya nailoni, ikunjwe mara mbili na kusokotwa. Ncha za nguo zinachomekwa katikati ya msokoto, vibanio havihitajiki hata Kusi ikivuma.

Na kabla ya kuanika, kamueni kwa kanga kavu: tandaza kanga, weka shati juu yake, vizungushe pamoja kama mkeka, kisha simama juu yake kwa miguu mitupu na utembee toka mwanzo hadi mwisho. Shati la pamba likifanyiwa hivyo linawahi kukauka kwa saa moja au zaidi. Kwa sababu hii kibwebwe kisilowe chote, acheni upande mmoja mkavu wa kazi hii.

Kama moja ya suruali za bwana ni jinzi, iacheni nyumbani. Kwenye unyevu wa Unguja inaweza kuchukua siku mbili mifukoni na kiunoni, na ndiyo itakayowafanya mkae na kikoi siku nzima.

---

Mpanga_Mkoba

Jinzi imetolewa. Vipi kuhusu dobi? Kama tukifika mji mkubwa tumpe vyote tukae na kanga na kikoi chumbani.

---

FundiCherehani_Tanga

Dobi ni msaada mkubwa, lakini usimpe vyote. Akisema kesho jioni na mvua ikaingia, mnabaki chumbani hata kwenda kula hamwezi. Mpeni suruali na mashati, mbaki na seti moja kamili ya kutokea kila mmoja. Nguo za ndani mnafua wenyewe, hizo hazipelekwi kwa dobi.

Hesabuni naye nguo moja moja mbele yake, na shoneni alama ndogo ya uzi wa rangi moja ndani ya kila kiuno na kola. Nguo za watu zinafanana, uzi mwekundu haufanani. Mwambieni zipi ni za polista. Wengi bado wanatumia pasi ya mkaa, ambayo haina kipimo cha joto. Polista na nailoni zinayeyuka na kung'aa pale pasi ilipopita, na cheche ikitoka inatoboa. Hizo anyooshe juu ya kitambaa cha pamba kilicholowana, au aziache.

---

BintiPangani

Moja nililosahau, kwa kuwa mnavuka Horohoro. Nguo mbichi msizibebe kwenye mifuko ya plastiki ya kubebea. Kenya iliipiga marufuku 2017, Tanzania bara 2019, na mpakani inakaguliwa. Tumieni mfuko wa kitambaa kizito au ule mfuko maalumu usiopenya maji unaofungwa kwa kukunja mdomo. Na kama kinachobebwa ni kile kibwebwe kilicholowa, kifungeni nje ya mkoba, juu, kipigwe na upepo. Mkifika Tanga kitakuwa kimekauka.

---

Mpanga_Mkoba

Nimeelewa. Kwa hiyo tunabeba: doti moja ya kanga iliyokwisha fuliwa mara tatu na kutiwa tepe, taiti fupi nyeusi, kikoi cha bluu, bukta ya nailoni, ndala, kamba mita 5, uzi mwekundu na sindano. Siku za kufua vyote ni Lamu, Pangani, Unguja, Dar na Matema. Mbeya nusu nusu juu ya suruali, Tukuyu hakuna.

---

Nyanda_za_Juu

Ongeza soksi mbili nene kila mtu. Ukishamaliza kufua Mbeya, kitu cha kwanza kukausha ni miguu.